Uchambuzi wa kisa: esi mbili, kingi mbili na shilingi 115,000 za usiku mmoja

Kwa nini kisa hiki

Mchezaji wa poka akipoteza vibaya, hukumbuka kadi ya mwisho iliyofunguliwa. Muulize pesa zilikwendaje baada ya kadi hiyo, na mara nyingi hana jibu. Kisa hiki kinafaa kufundishia kwa sababu mhusika alikuwa mtu wa daftari: saa, kadi na kiasi vyote viliandikwa, hata usiku alipoharibikiwa. Kwa hiyo tunaweza kutenganisha shilingi zilizochukuliwa na bahati mbaya na shilingi alizozitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Jina, aina ya biashara, kasino na tarehe vimeondolewa au kubadilishwa. Kadi na viwango vya pesa vimeachwa kama vilivyokuwa. Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em ya pesa taslimu: kila mchezaji ana kadi mbili za siri, tano hufunguliwa mezani. Si ile ya "niko kadi" ya shuleni, ya kushindania kumaliza kadi mkononi.

Hali kabla ya usiku ule

Mhusika, tutakayemwita M., ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ana mke na duka dogo. Alikuwa akicheza usiku mbili kwa wiki katika kasino moja upande wa Westlands, Nairobi, kwenye meza ya blaindi (madau ya lazima yanayowekwa kabla ya kadi kugawiwa) 100 na 200. Aliingia kila mara na shilingi 20,000, yaani blaindi kubwa 100. Mtaji aliotengea mchezo peke yake ulikuwa 300,000, sawa na madau 15 ya kuingilia.

Hapo tayari pana kasoro. Mchezaji mwangalifu wa pesa taslimu huweka madau 20 hadi 30 ya meza anayoketi. Mwenye madau 15 anaweza kuishi, lakini kila kipigo humuuma kupita kiasi, kwa kuwa anajua vipigo vichache tu vya mfululizo vitamshusha meza.

Daftari lake la miezi 14 lilionyesha faida ya takriban blaindi kubwa 5 kwa kila mikono 100 (mkono ni mgao mmoja wa kadi hadi mshindi apatikane), baada ya kasino kukata chake katika kila fungu, yaani pesa zilizowekwa katikati ya meza. Kutokana na rekodi hiyo M. alijihesabu kuwa mchezaji anayeshinda, na kwa maoni yake mchezaji anayeshinda hapaswi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Alikuwa na sheria moja: nikipoteza madau matatu, naondoka. Haikutaja mikopo, haikutaja simu, haikutaja michezo mingine iliyomo humo humo kasinoni.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. M. aliketi saa 1 usiku.

*Saa 2:40.* Alipewa esi mbili. Mpinzani mmoja akapandisha dau, M. akapandisha juu yake, na baada ya mzunguko mmoja zaidi pesa zote za wawili hao zikawa katikati kabla ya kadi yoyote ya mezani kufunguliwa. Mpinzani alikuwa na kingi mbili. Katika hali hiyo mwenye esi hushinda takriban 82% ya mara. Kingi ya tatu ilitoka kadi ya tano. Fungu la 40,000 likaenda upande wa pili.

*Saa 3:35.* Dau la pili. M. alikuwa na nane mbili, na kadi tatu za kwanza mezani zikawa nane ya kopa, tano ya kopa na jeki ya pau. Sasa ana nane tatu. Mpinzani mwenye esi na kumi za kopa aliweka zote, M. akafuata. Nafasi yake ilikuwa takriban 73%. Kadi ya nne ilikuwa mbili ya kopa, mpinzani akawa na kopa tano, ambazo hushinda nane tatu, na ya tano haikumsaidia M. Fungu jingine la 40,000 limekwenda.

Hakusema neno mezani. Alitoka nje, akawasimulia wavutaji sigara wawili mikono yote miwili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi. Alikaa nje dakika kumi hivi.

*Saa 4:50.* Dau la tatu. Alipata esi na kingi za rangi tofauti. Mzee mmoja ambaye kwa saa tatu alikuwa hajapandisha zaidi ya mara mbili alipandisha, M. akapandisha, mzee akapandisha tena kwa nguvu. M. akasukuma zote 20,000. Mzee alionyesha kwini mbili, na kwini hizo zikasimama. M. aliandika daftarini: "Bahati mbaya, ya tatu."

Kwa sheria yake, usiku ulikuwa umeisha. Alikuwa amesimama, koti mkononi, wakati rafiki wa mezani alipomsukumia chipu za 20,000. "Kaa bro, utanitumia kesho." M. alijiambia kwamba sheria inahusu pesa zake, na hizi si zake. Akaketi.

*Saa 5 hadi saa 6:40.* Hizi 20,000 hazikupotea kwa mkono mmoja. Kwa kawaida M. huingia katika mkono mmoja kati ya mitano. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika muda huu alicheza karibu nusu ya mikono yote, mingi ikiwa dhidi ya mtu mmoja: yule mwenye kingi. Zilivuja elfu mbili hapa, elfu tatu pale.

*Saa 6:50.* Alihamia ruleti. Kwenye laini ya simu ya duka kulikuwa na pesa ya stoki ya Jumatatu. Alitoa 35,000. Aliweka 5,000 kwenye nyekundu, ikaja nyeusi. Akaweka 10,000, nyeusi. Akaweka 20,000, ikaja sufuri. Alifika nyumbani saa 8:40 usiku.

Maamuzi ya siku zilizofuata

Jumamosi alitaka kurudi. Sababu aliyoitoa ilisikika kama hoja: meza za mwisho wa mwezi zina wachezaji wabovu, kwa hiyo ni wakati bora wa kurudisha pesa. Kilichomzuia si busara. Hakuwa na pesa mkononi.

Jumapili alikutana na mchezaji aliyemtangulia kwa umri na kwa mchezo, hapa B. Alianza kusimulia, B. akamkatiza.

"Kijana wangu, kadi ya mwisho usiniambie. Niambie kila mtu alikuwa na nini wakati pesa inaingia."

"Mzee, esi mbili kwa kingi mbili."

"Basi huo tumemaliza. Endelea na wa pili."

Walipofika mkono wa tatu, B. hakusema "tumemaliza". Walikaa nao karibu saa nzima, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa maamuzi yafuatayo.

Madeni yalitangulia. M. alimtumia rafiki 20,000 na kurudisha 35,000 kwenye laini ya duka, zote kutoka mtaji wa mchezo, akamweleza mkewe kiasi kamili. Mtaji ukabaki 185,000. Kwa meza ya 100 na 200 hayo ni madau tisa na kidogo, hayatoshi. Akashuka meza ya 50 na 100, ambako dau ni 10,000 na mtaji huo ni madau 18. Kushuka kulimuuma kuliko hasara yenyewe, jambo la kawaida kwa wachezaji: pesa huhesabiwa kimya kimya, lakini kuketi meza ndogo huonekana na kila anayekujua.

Alipumzika wiki mbili kamili. Kisha pesa zilitenganishwa na mwili wake. Laini ya duka hubaki nyumbani na mkewe usiku wa mchezo. Alijiondoa kwenye Fuliza, huduma ya mkopo wa papo hapo ya M-Pesa. Huenda kasinoni na noti taslimu za madau mawili na nauli tu. Rafiki wa mezani aliambiwa mapema, mchana, watu wakiwa wametulia: usinikopeshe, nami sitakukopesha.

Sheria ya kuondoka iliandikwa upya. Sasa ina milango mitatu, na wowote ukifunguka anatoka: madau mawili yamekwisha, saa nne zimekwisha, au moja ya dalili mbili imeonekana. Dalili ya kwanza ni kujikuta akimtafuta mtu fulani mezani. Ya pili ni kuhesabu kichwani kiasi anachohitaji ili "arudi sifuri".

Mwisho, utaratibu wa baada ya kipigo. Akipoteza dau zima kwa mkono mmoja, anasukuma kadi kwa mgawaji bila maneno, anamwambia anakaa nje duru moja, anaondoka kitini. Anakunywa maji. Kwenye kadi ngumu ya mfukoni anaandika mistari mitatu: kadi za wote wawili, pesa iliyoingia, na asilimia yake wakati inaingia. Kisha swali moja: kwa yale niliyoyajua wakati ule, ningecheza vivyo hivyo? Ndiyo au hapana, bila maelezo. Maelezo ni ya kesho.

Matokeo

Katika miezi mitatu iliyofuata M. alicheza usiku 24. Alipoteza dau zima kwa mkono mmoja mara saba. Mara tatu alikwenda nyumbani, mara tatu alipumzika duru moja au mbili na kuendelea kwa mchezo wake wa kawaida, na mara moja alivunja sheria: alipita muda wake wa saa nne, akakaa mpaka saa 7 usiku na kupoteza 6,000 zaidi. Hakuwa na pesa nyingine ya kupoteza, na hakuna aliyemkopesha. Ruleti hakuigusa.

Faida ya miezi hiyo mitatu ni 12,000. Nambari hiyo haithibitishi lolote. Usiku 24 wa saa nne, kwa mikono 27 hivi kwa saa, ni mikono 2,600. Katika poka ya pesa taslimu, matokeo ya mikono 100 hutawanyika kwa takriban blaindi 90 juu au chini ya wastani. Kwa mikono 2,600 mtawanyiko huo unafika blaindi 460 hivi, yaani shilingi 46,000 kwenye meza yake mpya. Angeweza kumaliza na hasara ya 30,000 akiwa amecheza vizuri vilevile. Kipimo chenye maana ni kile cha vipigo saba: saa moja baada ya kila kipigo, alifanya nini?

Uchambuzi: hasara ilitoka wapi hasa

Jumla ya usiku ule ni 115,000. M. aliita yote bahati mbaya. Hebu tuigawe.

Mkono wa esi: alistahili 82% ya fungu la 40,000, yaani 32,800, akiwa ameweka 20,000. Uamuzi huo una thamani ya faida ya 12,800 kwa wastani. Mkono wa nane tatu: 73% ya 40,000 ni 29,200, faida ya 9,200. Kwa hiyo katika mikono ambayo pesa taslimu ilionyesha hasara ya 40,000, maamuzi yake yalikuwa na thamani ya faida ya 22,000. Mchezaji akiliona hili kwa tarakimu zake mwenyewe, hasira hupata mahali pa kwenda. Kupoteza yote mawili usiku mmoja kuna uwezekano wa karibu 5%, mara 1 katika 20. Ni nadra, lakini anayecheza usiku mia kwa mwaka atayaona ya namna hii mara kwa mara.

Mkono wa tatu ni kitu kingine, na ndio wenye funzo kubwa kuliko yote. Esi na kingi za rangi tofauti dhidi ya kwini mbili hushinda karibu 43%. Alikuwa nyuma pesa ilipoingia. Tena mpinzani alikuwa mtu asiyepandisha ovyo. Kupandisha kwake mara ya pili kulikuwa kunasema jozi kubwa. Mtu kama huyo hatupi kadi, kwa hiyo M. alisukuma bila matumaini ya kumtoa. Kwenye meza tulivu angefikiria kutupa. Lakini alikuwa tayari amechemka, bila kupiga meza wala kupandisha sauti. Kuchemka kwa aina hii hakuonekani na majirani, na ndiyo maana huponyoka. Kisha aliuandika mkono huo pamoja na ile miwili, na "bahati mbaya mara tatu" ikawa ushahidi kwamba usiku unamdai.

Zilizobaki, 55,000, hazina bahati ndani yake. Elfu ishirini zilivuja kwa kucheza kadi duni. Thelathini na tano zilikwenda ruleti, mchezo ambao ujuzi wa poka hausaidii chochote: nyekundu 18, nyeusi 18, sufuri moja, na kasino inabaki na 2.7% ya kila shilingi kwa wastani. Kuongeza dau mara mbili baada ya kila kukosa hakubadilishi hilo. Ukiwa na pesa ya hatua tatu tu, unakosa zote karibu mara 1 katika 7. Ukifaulu unapata 5,000, ukikosa unapoteza 35,000. Ili arudishe zile 80,000 alizopoteza kwenye poka kwa hatua za 5,000, M. alihitaji kufaulu mara 16 mfululizo, na uwezekano wake ni kama 10%. Mpira haukumbuki. Mwaka 1913 katika kasino ya Monte Carlo nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, huku watu wakimwaga pesa kwenye nyekundu kwa imani kwamba zamu yake imefika.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu aliye ndani ya hasara hukubali hatari ambazo asingezikubali akiwa sawa, ili tu asiifunge hesabu kwa hasara. Mkopo wa saa 5 na ruleti ya saa 6:50 ni jambo hilo hilo. Ndiyo maana kumwambia mchezaji "jikaze" pale mezani hakusaidii: kichwa kinachotakiwa kujikaza ndicho kinachotafuta sababu ya kukaa. Sheria ya madau matatu ilikuwa nzuri, lakini ilikitegemea kichwa hicho, na iliangushwa na sentensi moja ya ukarimu.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa kuliko vyote ni cha kawaida kabisa: pesa kutokuwepo. Usiku ule mmoja alipovunja sheria, uharibifu uliishia 6,000 kwa sababu laini ya duka ilikuwa nyumbani. Kumwambia rafiki mchana nako kulifaa. Ukingoja kuukataa mkopo usiku ukiwa umechemka, unamkosea mtu, au pengine unaukubali.

Utaratibu wa kuandika ulishindwa mwanzoni. Wiki ya kwanza M. aliandika kwenye simu, na simu ina WhatsApp; kila alipoifungua aliishia kumtumia mtu habari za kipigo. Karatasi ilitatua hilo. Kusimulia ndiko kosa lisilotiliwa maanani. Zile dakika kumi za wavutaji sigara zilionekana kama mapumziko, lakini alirudi kitini akiwa ameupitia mkono mara mbili zaidi, na msikilizaji akampa haki kila mara.

Kitu kimoja hakijarekebishwa. Daftari la M. lina safu ya vipigo alivyopata lakini halina safu ya vipigo alivyowapa wengine. B. alimwomba akumbuke, na kwa shida akautaja mkono mmoja wa mwezi uliotangulia alioshinda akiwa na nafasi isiyofika 10%. Bila safu hiyo daftari litaendelea kumwambia kwamba anaonewa. Na ile faida ya blaindi 5 kwa miezi 14, mikono kama 13,000, inahitaji kutazamwa kwa unyenyekevu: mchezaji asiye na faida yoyote angeweza kuonyesha rekodi nzuri kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, takriban mara 1 katika 4. Hata kama faida hiyo ni ya kweli, katika mikono 1,000, ambayo kwake ni mwezi mmoja na siku chache, uwezekano wa kumaliza na hasara ni karibu 43%. Katika mikono 10,000 bado ni 29%.

Mpaka wa mbinu hizi

Haya yote yanamfaa mtu ambaye, akitulia, anaweza kuondoka. Pesa ya stoki kuguswa mara moja ni onyo zito. Ikiguswa tena, au mchezaji akianza kumficha mwenziwe kiasi, au akikopa ili arudishe alichopoteza jana, tatizo si kipigo tena na kadi ya mfukoni haitalitibu. Hapo ni kuacha mchezo, kumwomba meneja wa kasino amzuie mlangoni kwa jina lake, na kutafuta mshauri nasaha anayeshughulika na uraibu. M. alikubaliana na mkewe kwamba mara ya pili itakuwa ya mwisho, na makubaliano hayo yako kwenye maandishi.

Kurudi meza ya 100 na 200 kuna masharti mawili: mtaji ufike 400,000, na vipigo kumi mfululizo vipite bila sheria kuvunjwa. Kwa sasa mtaji ni 197,000, na hesabu ya vipigo ilianza upya baada ya usiku ule wa saa 7. Iko kwenye cha nne.